Maji Yanayosingiziwa

Mwaka 1863, katika jiji la Paris, daktari mpasuaji Jean-Nicolas Demarquay alimchoma sindano kijana kutoka Havana, Cuba, aliyekuwa na busha. Kwa kawaida maji ya busha hutoka yakiwa na rangi ya manjano iliyopauka. Haya yalitoka meupe, mazito kidogo, kama maziwa. Tone lake likawekwa chini ya hadubini, na humo vikaonekana vidudu vyembamba kama nyuzi, vikijinyonganyonga. Pale chumbani hakuna aliyejua vilikuwa vimefikaje.

Kwa lugha ya madaktari ugonjwa wa kijana yule ni haidrosili. Wayunani wa kale waliyaita maji hudor, na uvimbe wakauita kele. Uvimbe wa maji, basi. Wazee wetu wa pwani walipouita ngirimaji walikuwa wameona kitu kilekile kwa macho yaleyale. Na hapo ndipo penye tatizo la majina ya ukoo huu wa haidro, ambayo yamejaa katika vitabu vya tiba na sayansi: yanataja kilichoonekana. Mtu amevimba, akatobolewa, yakatoka maji, ugonjwa ukaitwa maji. Aliyeyaleta maji hatajwi popote. Ukifuatilia historia ya majina haya utakuta karibu kila moja limewachukua watu miaka mingi ya kumtafuta mhusika halisi, huku maji yakibeba lawama.

Msako wa vidudu vya Demarquay ulizunguka dunia nzima. Mwaka 1866 Otto Wucherer aliviona huko Bahia, Brazil, katika mkojo. Mwaka 1872 Timothy Lewis akavikuta katika damu ya watu wa Calcutta. Mwaka 1876 Joseph Bancroft wa Brisbane, Australia, akampata mnyoo mzima, mama wa vile vidogo. Ndiyo maana mnyoo huyo leo anaitwa Wuchereria bancrofti. Mwaka uliofuata, katika mji wa bandari wa Amoy nchini China, Patrick Manson aliwaachia mbu wamuume mtumishi wake aliyekuwa na vidudu hivyo katika damu, kisha akawapasua mbu mmoja mmoja. Aliviona vikikua ndani yao.

Ugunduzi mkubwa, lakini Manson naye alirudi kuyasingizia maji. Aliamini kwamba mbu akishataga hufa kisimani au mtungini, na mtu huambukizwa kwa kunywa maji hayo. Ilibidi ufike mwaka 1900 ndipo George Carmichael Low akaonyesha minyoo michanga ikiwa imejipanga ndani ya mdomo wa mbu, tayari kuingia kwa anayeumwa. Kwa hiyo tusiwacheke sana wale wanaosema mjini Dar es Salaam kwamba mwanamume akizoea kunywa madafu atapata busha. Wako kundi moja na bingwa wa tiba ya nchi za joto, ingawa yeye alikuwa na hadubini.

Kinachotokea hasa ni hiki. Minyoo wazima hupenda kukaa katika mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwili kwenye mzunguko wa damu, na kwa wanaume hupendelea zaidi ile iliyo karibu na korodani. Wanaishi humo kwa miaka. Mishipa hutanuka, hulegea, hushindwa kusukuma, na maji yaliyopaswa kuondoka hujikusanya katika ganda jembamba linaloizunguka korodani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanaume milioni 25 wana mabusha yaliyotokana na mnyoo huyu. Kwenye mguu, uharibifu huohuo huitwa matende.

Katika miji ya pwani yetu anayemsafirisha mnyoo ni hasa mbu aina ya Culex, yule wa maji machafu, anayezaliana katika mashimo ya vyoo na mitaro iliyotuama. Mwishoni mwa miaka ya 1980, pale Makunduchi, kusini mwa Unguja, watafiti akiwemo Christopher Curtis wa chuo cha tiba za nchi za joto cha London walifanya jambo ambalo mtu asiyeelewa angedhani ni mzaha. Walimwaga vyooni punje ndogo nyeupe za plastiki nyepesi, ileile inayopakiwa pembeni mwa televisheni mpya ili isivunjike. Punje zilielea na kufunika maji yote ya shimoni. Mbu hakupata pa kutagia, na viluwiluwi vilivyokuwamo vilikosa hewa vikafa. Wakati huohuo wakazi walipewa dawa ya kuua vidudu katika damu. Mbu walipungua kwa kiasi ambacho watu walikiona wenyewe usiku, na maambukizi nayo yakashuka. Ukiniuliza, katika hadithi nzima ya ugonjwa huu hakuna kazi iliyofanywa kwa akili na kwa bei nafuu kama ile.

Tanzania Bara, serikali ilianza kugawa kingatiba, yaani vidonge vya ivermectin na albendazole kwa jamii nzima, mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia. Mtu mzima asiye na dalili yoyote hugoma: mimi si mgonjwa, vidonge vya nini? Lakini vidudu hivi huzunguka katika damu usiku, wakati mwenye navyo amelala na mbu yuko macho, na anayevibeba anaweza asijue miaka nenda miaka rudi. Kwa upande mwingine, mwenye busha lililokwishajaa asitegemee vidonge vilipunguze. Tiba yake ni upasuaji, tena si mkubwa. Kutoboa kwa sindano na kunyonya maji, kama alivyofanya Demarquay, hakutoshi, kwa sababu ganda lile linabaki palepale na maji hurudi.

Wanakemia nao hawakusalimika na majina haya. Mwaka 1766 Henry Cavendish wa London alichunguza hewa inayowaka iliyotoka katika metali zilizotiwa asidi. Baadaye ikabainika kwamba hewa hiyo ikiungua huacha maji, jambo lililowashtua watu walioamini tangu enzi za Aristotle kwamba maji ni kitu kimoja kisichogawanyika. Mwaka 1787 Antoine Lavoisier na wenzake watatu wakaibatiza haidrojeni, mzaa maji. Jina hilo lina haki yake, ingawa mzazi wa pili, oksijeni, alipewa jina la mzaa asidi kwa makosa. Kabohaidreti ndiyo yenye jina la uongo kabisa. Wanasayansi wa karne ya 19 waliona kwamba katika sukari na wanga haidrojeni na oksijeni zimo kwa uwiano uleule wa kwenye maji, wakadhani ni kaboni iliyoloweshwa. Hakuna maji yoyote mle. Jina likabaki, na wanafunzi wa kidato cha pili wanaendelea kulikariri.

Turudi hospitali. Haidrosefalasi ni maji kichwani. Huku kwetu ugonjwa huu hutajwa pamoja na ndugu yake, mgongo wazi: utasikia tu watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Hapa maji yanasingiziwa kuliko popote, kwa sababu maji ya kichwani ni haki ya kila mtu. Wewe unayesoma una takriban mililita 150 za maji maangavu yanayouzunguka ubongo na uti wako wa mgongo, na mwili hutengeneza karibu nusu lita mpya kila siku. Yanatengenezwa ndani ya vyumba vya ubongo, yanapita katika vijia vyembamba mno, yanatoka nje na kufyonzwa na damu. Kijia kikiziba, maji hayaachi kutengenezwa. Kwa mtoto mchanga mifupa ya fuvu haijaungana, hivyo kichwa hutanuka, utosi hututumka, na macho huelekea chini kana kwamba yanatazama kidevu.

Kwa karne nyingi madaktari walitoboa na kuyatoa maji, na watoto wakafa. Hatua kubwa ilitoka kwa fundi. Mwaka 1955 John Holter, fundi mitambo huko Pennsylvania, Marekani, alipata mtoto wa kiume, Casey, aliyezaliwa na mgongo wazi na kichwa kikaanza kujaa. Daktari wa mtoto, Eugene Spitz, alimweleza shida yake: mrija wa kuyatoa maji upo, lakini hakuna vali inayofunguka maji yakizidi na kujifunga yakipungua, bila kuruhusu damu irudi nyuma. Holter akaiunda kwa kutumia mpasuo mwembamba katika silikoni, ambao hufumbuka kwa shinikizo dogo na kujifumba wenyewe. Mwaka 1956 vali hiyo ilikuwa tayari ndani ya mwili wa mtoto mwingine. Casey alifariki akiwa bado mdogo, lakini kazi ya baba yake iliwabakiza hai maelfu ya watoto wa wengine.

Miaka minne baadaye, mjini New York, teksi ililigonga gari la kitoto alimokuwa Theo, mtoto wa miezi minne wa mwandishi Roald Dahl. Maji yakajaa kichwani, akawekewa mrija, ukawa unaziba mara kwa mara. Dahl alikuwa na rafiki, Stanley Wade, mhandisi wa haidroliki aliyetengeneza pampu ndogondogo za mafuta kwa ajili ya ndege za kuchezea. Pamoja na mpasuaji Kenneth Till wa London waliunda vali isiyoziba kirahisi, ikatumika kuanzia 1962. Hawakuchukua faida. Theo mwenyewe alikuwa amepata nafuu na hakuihitaji tena. Na tukiwa hapo kwenye haidroliki: neno hilo la wahandisi wa mabwawa na breki za malori lilizaliwa katika muziki. Karne ya 3 kabla ya Kristo, Ctesibius wa Alexandria aliunda kinanda kilichosukumiwa hewa kwa nguvu ya maji, na jina la kinanda hicho likaunganisha maji na filimbi. Mrija na maji, basi, vimekuwa pamoja tangu zamani.

Shida ya mrija ni kwamba huharibika. Hata katika nchi tajiri, karibu nusu ya mirija wanayowekewa watoto huziba au kushindwa kazi ndani ya miaka miwili. Boston mama humkimbiza mtoto kwenye chumba cha dharura jioni hiyohiyo. Mama wa Karamoja, Uganda, je? Swali hilo lilimkabili Benjamin Warf, Mmarekani aliyehamia na familia yake Mbale, chini ya Mlima Elgon, mwaka 2000, kuanzisha hospitali ya watoto ya CURE. Akachukua mbinu mbili zilizokuwapo akaziunganisha. Kwanza, kwa kamera nyembamba anatoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia ya pembeni. Pili, anaunguza sehemu ya tishu inayotengeneza maji ili kasi ipungue. Hakuna mrija, hakuna cha kuziba mwakani. Mwaka 2017 jaribio lililowahusisha watoto wachanga 100 wa Uganda lilichapishwa, na baada ya mwaka mmoja maendeleo ya akili ya waliopasuliwa kwa njia ya Mbale hayakuwa nyuma ya wale wenye mirija. Leo wapasuaji wa Amerika wanaitumia mbinu iliyopevukia Uganda, jambo ambalo haliandikwi vya kutosha huku kwetu.

Lakini Mbale ilitoa kingine. Warf alipowachunguza watoto 300 aliona kwamba kwa 60 kati ya kila 100 kichwa hakikuzaliwa kikubwa. Mtoto alizaliwa salama, akapata homa kali na degedege katika wiki za mwanzo, akapona, kisha kichwa kikaanza kukua. Maambukizi yalikuwa yamepita ubongoni na kuacha makovu yaliyoziba njia. Maambukizi ya nini? Watafiti wakiongozwa na Steven Schiff walilinganisha idadi ya wagonjwa na takwimu za mvua, wakaona vinakwenda pamoja. Wakapima vinasaba katika maji ya ubongo ya watoto hao, na mwaka 2020 wakatangaza jina la bakteria ambaye hakuna mama wala mganga aliyewahi kumsikia: Paenibacillus thiaminolyticus. Ikiwa homa ya mtoto mchanga itatibiwa mapema kwa dawa inayomlenga mdudu huyo, kichwa kinaweza kisije kujaa kabisa. Kwa wazazi, jambo la kushika ni dogo: mtoto wa wiki mbili mwenye homa asisubirishwe nyumbani.

Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, kuna ugonjwa mwingine wa ukoo huu, haidatidi, kutokana na neno la Kigiriki la kifuko chenye maji. Eneo hilo liliwahi kurekodi viwango vya juu kuliko karibu popote duniani. Kifuko humea ndani ya ini au pafu, polepole, kwa miaka, hadi tumbo la mtu aliyekonda linakuwa kama la mjamzito, na ndani unaweza kukuta lita kadhaa. Maji hayo ni hatari kweli: kifuko kikipasuka ovyo mgonjwa anaweza kufa papo hapo kwa mzio, na kila kipande kilichomwagika kinaweza kuota kifuko kipya. Mhusika ni mnyoo wa milimita chache anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mbuzi au kondoo huchinjwa, mbwa hutupiwa ini lenye vifuko, mayai hutoka katika kinyesi chake na kushika katika manyoya, ulimi na mikono ya watu. Shirika la AMREF lilianza mwaka 1983 kuwatibu mbwa, kufundisha familia na kupita manyattani na mashine za ultrasaundi za kubebeka. Kifuko cha maji huonekana vizuri sana kwenye ultrasaundi, kwa hiyo mfugaji aliweza kupimwa chini ya mti. Si kila tumbo lililojaa ni haidatidi, lakini anayechinja kila wiki na ana mbwa nyumbani ana jambo moja la kufanya: kuyachoma au kuyafukia maini mabovu.

Kuna pia upungufu. Dihaidresheni, maji kwisha mwilini, ndiyo inayomuua mgonjwa wa kipindupindu, na hapa ungedhani tiba ni kumpa maji tu. Akinywa maji matupu yanapita yaleyale. Ni sukari na chumvi zikiwa pamoja ndizo zinazoufanya utumbo uyavute, jambo lililoeleweka katika miaka ya 1960 na kuthibitishwa na wagonjwa wa Dhaka mwaka 1968. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowajaza wakimbizi Bangaon, India, dripu zikamwishia daktari Dilip Mahalanabis. Akaamuru sukari na chumvi vichanganywe katika mapipa, ndugu wa wagonjwa wakanywesha kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Paketi ya ORS ya duka la dawa la mtaani kwako ndiyo mjukuu wa mapipa yale.

Jina la mwisho ndilo linalotisha kuliko yote. Haidrofobia, hofu ya maji, ni jina la kale la kichaa cha mbwa kikimpata binadamu. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alishauri mgonjwa asukumwe bwawani ghafla bila kujua, eti hofu na kiu vitibiwe pamoja. Masikini mgonjwa yule wala haogopi maji. Ana kiu. Kirusi kikishafika ubongoni, kila akijaribu kumeza misuli ya koromeo hukakamaa kwa maumivu makali hata akatafuta pumzi, na baada ya mara chache mwili hujifunza: akiona kikombe tu, au akisikia bomba likitiririka, mkazo humjia. Mate aliyoshindwa kuyameza yanafurika mdomoni yakiwa na kirusi. Mbwa mwenyewe kwa kawaida hana hofu hiyo. Wapo wanaomwekea mbwa waliyemshuku bakuli la maji, akinywa wanatulia. Kipimo hicho kimeshaua watu.

Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Ila kirusi husafiri polepole katika neva, mara nyingi kwa wiki au miezi, na Louis Pasteur aliitumia nafasi hiyo tarehe 6 Julai 1885 alipoanza kumchanja Joseph Meister, mvulana wa miaka 9 kutoka Alsace aliyeumwa na mbwa. Meister alipona. Hata hivyo inakadiriwa watu 59,000 bado hufa kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa watu wa Asia na Afrika. Kwamba hali hii haikuandikwa mbinguni, Pemba imeonyesha: chanjo ya mbwa kisiwani humo ilikifuta kirusi mwaka 2014, uangalizi ukalegea, kikarudi 2016 kutoka nje, mbwa wakachanjwa tena, na kufikia mwisho wa 2018 kilikuwa kimetoweka.

Na katika ugonjwa huu ulioitwa hofu ya maji, huduma ya kwanza ni maji. Ukiumwa na mbwa, paka au mnyama wa porini, hata kama ni mkwaruzo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa. Usipake mafuta, chumvi wala majani. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uulizie chanjo, ukamilishe dozi zote, na umpeleke mbwa wako akachanjwe kabla ya mtaa haujapata msiba.